Farasi wa kampuni, majani ya serikali

Mjadala wa kubinafsisha Shirika la Posta la Marekani umerudi mezani, na safari hii umerudi na nguvu. Desemba 2024, kabla hajaapishwa kwa muhula wake wa pili, Donald Trump aliwaambia waandishi wa habari kwamba kulibinafsisha shirika hilo si wazo baya. Februari 2025 akazungumzia kuliingiza chini ya Wizara ya Biashara. Julai mwaka huohuo kiti cha Postamasta Mkuu kikakaliwa na David Steiner, aliyetokea kwenye bodi ya wakurugenzi ya FedEx, kampuni binafsi ya kusafirisha vifurushi. Nyuma ya yote hayo kuna hesabu za kutia hofu: shirika lilipata hasara ya dola bilioni 9.5 katika mwaka wa fedha wa 2024 peke yake. Ndipo ikaibuka hoja ya historia ambayo nimeisikia ikirudiwa na watu wenye akili zao, Wamarekani na wasio Wamarekani: kwamba katika karne ya 19 nyika za Magharibi zilihudumiwa na kampuni binafsi za magari ya farasi, zikashindana kufa na kupona, na barua zikafika. Basi na leo soko liachiwe kazi yake.

Hoja hiyo inaisimamisha historia kichwa chini miguu juu. Ushindani ulikuwapo, tena mkali. Wapo walioibuka matajiri wa kutajwa, na wapo waliokufa wakidai haki zao. Lakini kilichogombewa hakikuwa abiria. Kiligombewa mkataba wa kubeba barua za serikali, na kampuni kubwa za magari ya farasi zilizovuka nyika zile zilisimama au zilianguka kwa mkataba huo. Farasi walikuwa wa kampuni, ila majani yalinunuliwa na hazina ya Washington. Asiyeliona hilo ataishia kutetea upande wowote wa mjadala wa leo kwa ushahidi usiomfaa.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulilijua gari hilo kupitia filamu za kauboi: farasi wanne au sita, vumbi, mlinzi mwenye bunduki kando ya dereva, majambazi wakisubiri bondeni. Filamu huonyesha sanduku la dhahabu. Mifuko ya barua, ambayo ndiyo iliyomlipa dereva na kuwalisha farasi, huonekana kwa nadra. Gari lililosifika kuliko yote lilitengenezwa katika mji wa Concord, New Hampshire, na kampuni ya Abbot na Downing. Bodi lake halikukaa juu ya springi za chuma. Lilining'inia kwenye mikanda minene ya ngozi, likawa linayumba mbele na nyuma badala ya kumrusha mtu juu kila lipitapo kwenye jiwe. Ndani walikaa abiria tisa, watatu kila benchi, na wale wa benchi la katikati hawakuwa na cha kuegemea isipokuwa ukanda wa ngozi. Mifuko ya barua ilirundikwa nyuma, na ilipozidi ilisukumwa ndani, miguuni mwa watu. Aliyelipa nauli alikunja magoti usiku na mchana kwa sababu mkataba uliitambua barua na haukumtambua yeye.

Mahali palipokaribia kweli kuwa soko huria ni California katika miaka ya mwanzo ya dhahabu. Mwaka 1849 James Birch alianza kuendesha gari kati ya Sacramento na machimbo ya Coloma. Wachimbaji walikuwa na dhahabu mfukoni na haraka moyoni, umbali ulikuwa mfupi, na kila mwenye gari na farasi aliweza kuingia njiani. Nauli zikashuka. Lakini angalia ulikoishia ushindani huo. Januari 1854 Birch na mwenzake Frank Stevens waliwakusanya wenye magari wakaunda California Stage Company, iliyoshika takriban sehemu tano kati ya sita za njia zote za magari ya farasi katika jimbo hilo. Miaka mitano tu, na washindani wenyewe wakauzima ushindani walipochoka kupunguziana nauli. Tena huyohuyo Birch, alipotaka kutoka nje ya California, hakwenda kutafuta abiria. Alikwenda Washington kutafuta mkataba wa barua, na mwaka 1857 akaupata, wa njia ya San Antonio hadi San Diego. Hakuufaidi. Septemba mwaka huohuo alizama pamoja na meli ya Central America katika Atlantiki.

Ukitoka nje ya machimbo hayo, hesabu ya nauli haikubali kabisa. Chukua Overland Mail Company ya John Butterfield. Mwaka 1857 alitia saini mkataba wa miaka sita: serikali imlipe dola 600,000 kwa mwaka, naye apeleke magari mawili kwa wiki kila upande, kutoka bonde la Mississippi mpaka San Francisco, kwa siku 25. Ili aweze hilo alihitaji vituo zaidi ya 130 kwa kuanzia, kila kimoja na wafanyakazi wake na farasi wa kubadilishia. Alihitaji visima mahali pasipo na mto, na nafaka ya wanyama isafirishwe kwa mikokoteni hadi jangwani, mahali ambapo jani halioti. Nauli ya safari nzima kutoka Missouri ilikuwa dola 200. Piga hesabu: magari 104 kwa mwaka kila upande ni magari 208. Hata kama kila gari lingepata abiria watano wa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hiyo ingekuwa biashara nzuri sana, mapato yangefika dola 208,000. Mkataba wa barua ulilipa karibu mara tatu ya hapo, abiria wawepo wasiwepo. Gari la kwanza lilipoondoka kuelekea magharibi Septemba 1858, abiria wa safari nzima alikuwa mmoja tu, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyeitwa Waterman Ormsby. Halikuwa na sababu ya kumsubiri wa pili.

Njia yenyewe pia inasema mengi. Mfanyabiashara anayetafuta abiria angekata mahali pafupi. Njia ya Butterfield ilikuwa na vichwa viwili, kimoja Missouri na kingine Memphis, Tennessee. Vikakutana Fort Smith, Arkansas, halafu njia ikashuka Texas, ikapita El Paso, Tucson na Fort Yuma, ndipo ikapanda Los Angeles hadi San Francisco. Jumla kilomita kama 4,500, kwa umbo la upinde. Aliyesukuma uamuzi huo ni Postamasta Mkuu Aaron Brown, mtu wa Tennessee. Hoja yake kuhusu theluji haikuwa ya kupuuzwa, maana njia ya kati, ile ya kupitia Salt Lake, Utah, ilizibwa na theluji majira ya baridi. Lakini hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kila mwanasiasa alijua kwamba inakopita barua leo ndiko itakakopita reli kesho. Kusini ilitaka reli hiyo, na Kaskazini nayo iliitaka. Waombaji wa zabuni hawakuulizwa njia ipi inafaa zaidi kwa msafiri. Walipaswa kukubali njia iliyotakiwa na mwenye kalamu.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa George Chorpenning, kwa sababu hakuna anayemkumbuka. Tangu 1851 alipeleka barua kati ya Sacramento na Salt Lake kwa nyumbu, kwa dola 14,000 kwa mwaka. Mshirika wake, Absalom Woodward, aliuawa njiani mwaka uleule wa kwanza. Chorpenning aliendelea, akavuka milima ya Sierra Nevada katika theluji, akaingia madeni, akashikilia njia ile kwa karibu miaka tisa. Mwaka 1860 Posta ikaufuta mkataba wake, na kazi ikaenda kwa kampuni ya William Russell, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imenunua mkataba wa sehemu ya mashariki, kutoka Missouri hadi Salt Lake. Sokoni mtu hupoteza biashara wateja wanapomkimbia. Chorpenning aliipoteza kwa saini ya ofisini, na miaka yake iliyobaki ikaishia katika kudai fidia kwa Bunge.

Hapa ndipo huingia hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ni ya Pony Express. Watetezi wa soko huipenda: vijana juu ya farasi, kutoka St. Joseph, Missouri, hadi Sacramento kwa siku kama kumi, bila senti ya serikali. Ni kweli kwamba ilipoanza tarehe 3 Aprili 1860 haikuwa na mkataba. Lakini Russell hakuianzisha ili ijilipe. Alitaka Washington ione kwamba njia ya kati inapitika mwaka mzima, ili fedha za Butterfield zihamie kwake. Barua ya nusu aunsi ilitozwa dola 5, wakati barua ya kawaida ya serikali ilihitaji stempu ya senti kumi au chini ya hapo, na bado kampuni ilizidi kuzama kwenye madeni hata wafanyakazi wakakosa mishahara yao. Desemba 1860 Russell alikamatwa. Alikuwa amepokea, kupitia karani wa Wizara ya Mambo ya Ndani, hati za dhamana za thamani ya dola 870,000, akaziweka rehani ili akope. Hati hizo zilikuwa za mfuko wa amana wa makabila ya wenyeji asilia. Kwa maneno mengine, hata zile siku ambazo kampuni hiyo ilisemekana kujitegemea, ilipumua kwa fedha iliyotolewa isivyo halali kwenye kabati la serikali.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi ushindani huu ulivyofanya kazi. Vita vilipokaribia, njia ya kusini ikawa haifai tena. Machi 1861 Bunge liliidhinisha dola 1,000,000 kwa mwaka kwa barua za kila siku kupitia njia ya kati, Pony Express ikiwamo ndani yake. Russell alikuwa ameithibitisha njia, lakini mkataba ulikwenda kwa Overland Mail Company, kampuni ileile aliyotaka kuipokonya. Yeye akaambulia kandarasi ndogo ya upande wa mashariki wa Salt Lake. Na John Butterfield mwenyewe hakuwapo kufurahia. Mwaka 1860 alikuwa ameshaondolewa kwenye uongozi na wadai wake, kampuni ya benki na usafirishaji ya Wells Fargo ikiwa nyuma ya pazia. Oktoba 1861 telegrafu ikaunganisha pande mbili za nchi na Pony Express ikafungwa baada ya miezi 18. Kampuni ya Russell iliuzwa kwa mnada mwaka 1862, ikanunuliwa kwa dola 100,000 na Ben Holladay, aliyekuwa mdai wake. Tajiri huyo mpya hakuwa mwepesi kuliko wenzake wala hakuwa na farasi bora. Alikuwa na mtaji wa kungoja, na kandarasi ya barua aliirithi pamoja na madeni.

Kama kuna jaribio moja la historia linaloweza kutenganisha mambo haya, ni la mwaka 1865. David Butterfield, ambaye hakuwa na undugu na John, alianzisha Butterfield Overland Despatch kutoka Atchison, Kansas, hadi Denver kwa kufuata Mto Smoky Hill. Njia yake ilikuwa fupi kuliko ya Holladay. Denver ilikuwa na kiu ya njia ya pili. Septemba 1865 gari lake la kwanza la abiria likaingia mjini. Kwa vigezo vya soko huria alikuwa na kila kitu: njia fupi, wateja walio tayari na mshindani aliyezoea kufanya apendavyo. Alichokosa ni mkataba wa barua, na alikuwa amepitisha magari katikati ya maeneo ya kuwindia nyati ya makabila ya Wacheyenne na Waarapaho bila kinga ya kutosha. Mapema 1866 Holladay akamnunua. Novemba mwaka huohuo Holladay akauza himaya yake yote kwa Wells Fargo, dola milioni 1.5 taslimu na hisa za dola 300,000. Hapo njia kubwa za Magharibi zikawa karibu zote chini ya jina moja, na jina hilo bado lipo kwenye benki yenye nembo ya gari la farasi.

Nimeitaja kinga. Mkataba wa barua haukuwa ruzuku pekee. Vituo vya magari viliwekwa penye maji, na katika nchi kavu kukamata chemchemi ni kukamata nchi. Apache Pass, Arizona, palikuwa na kituo cha Butterfield kwa sababu palikuwa na chemchemi, na Waapache wa chifu Cochise waliishi na kituo hicho bila vita hadi Februari 1861, pale Luteni Bascom alipojaribu kumshika Cochise kwa kosa ambalo hakulifanya. Kaskazini, mauaji ya Sand Creek ya Novemba 1864, ambapo wanajeshi wa kujitolea wa Colorado waliua Wacheyenne na Waarapaho, wengi wao wanawake, watoto na wazee, yalifuatwa na mashambulizi dhidi ya kituo cha Julesburg, Colorado, Januari na Februari 1865, na njia ya Holladay ikakatika. Ikabidi jeshi liisindikize barua. Gharama za ngome, askari na farasi wa jeshi hazikuingia kwenye vitabu vya kampuni yoyote, na walioporwa ardhi na maji hawakuandikwa popote kama gharama. Anayesema biashara ile ilijiendesha yenyewe aanze kwa kujumlisha hayo.

Sasa upande wa pili, maana una hoja mbili ambazo si za kupita juu juu. Ya kwanza ni bahasha za Wells Fargo. Sheria ya Marekani iliruhusu kampuni binafsi kubeba barua mradi tu bahasha iwe imekwisha kulipiwa stempu ya serikali. Wells Fargo, iliyoanzishwa mwaka 1852, ilinunua bahasha hizo, ikapiga muhuri wake juu yake na kuziuza kwa bei ya juu. Na watu wa California wakazinunua. Walilipa mara mbili, serikali na kampuni, kwa hiari yao, kwa miongo kadhaa, kwa sababu Posta ilichelewa na Wells Fargo haikuchelewa. Huo ni ushahidi wa kweli kwamba mtu wa serikali anaweza kulala kazini na mfanyabiashara akamzidi. Siwezi kuukanusha wala sioni sababu ya kuukanusha. Ila tazama bahasha hizo zilikwenda wapi. Zilikwenda San Francisco, Sacramento, Virginia City na kambi za migodi, mahali ambapo fedha ilikuwa imeshika moto na ofisi ya Wells Fargo ilikuwapo kwa ajili ya dhahabu kabla haijawapo kwa ajili ya barua. Mfugaji aliyekaa peke yake kilomita 60 kutoka mji wa karibu hakuuziwa bahasha hiyo, kwa kuwa hapakuwa na ofisi ya kumuuzia.

Hoja ya pili ilitolewa na mtu wa ndani ya serikali. Aaron Brown alifariki Machi 1859, na aliyemrithi, Joseph Holt, alifungua vitabu na kukuta kwamba njia ya Butterfield iliyogharimu dola 600,000 ilikuwa imeingiza mapato ya barua ya takriban dola 27,000 kwa mwaka. Akauliza kwa nini mtu wa Massachusetts atozwe kodi ili mtu wa California apate barua. Akaanza kukata mikataba kushoto na kulia. Swali lake lilikuwa halali mwaka ule na ni halali leo. Jibu la Bunge, miaka miwili baadaye, lilikuwa kuongeza fedha hadi milioni moja, kwa kuwa California yenye dhahabu yake ilikuwa mbali mno na vita vilikuwa mlangoni. Wamarekani waliamua kwamba kuunganisha nchi ni kazi yenye gharama, na wakakubali kuilipa. Unaweza kusema walilipa kupita kiasi. Mimi nadhani hivyo. Lakini ulikuwa uamuzi wa kisiasa uliofanywa wazi Bungeni, na Holt mwenyewe hakudai kwamba kampuni fulani ingeifanya kazi hiyo bure.

Ninapowaunga mkono wakosoaji wa Posta kwa moyo wote ni kwenye ufisadi, na hapa hadithi ya magari ya farasi inatufundisha zaidi kuliko kokote. Sheria ya 1845 ilitaka mkataba apewe mwombaji wa bei ya chini atakayehakikisha kasi, uhakika na usalama. Makarani walichoka kuandika maneno hayo matatu, wakaweka nyota tatu kwenye daftari, na njia hizo zikaitwa njia za nyota. Mchezo ulikuwa hivi. Mkandarasi anaomba njia ya nyikani, safari moja kwa wiki, mwendo wa polepole, kwa bei ya chini mno ambayo mshindani mwaminifu hawezi kuifikia. Anashinda. Baada ya muda linafika ombi lenye majina ya watu wa huko wakitaka barua ziende haraka zaidi na mara nyingi zaidi. Ofisa wa Posta anakubali, na malipo yanapanda mara kadhaa bila zabuni mpya. Mkono mtupu haulambwi, hivyo sehemu ya nyongeza inarudi kwa walioidhinisha. Thomas Brady, msaidizi wa pili wa Postamasta Mkuu, na Stephen Dorsey, aliyewahi kuwa seneta wa Arkansas, walikuwa miongoni mwa walioshitakiwa baada ya Rais Garfield kuamuru uchunguzi mwaka 1881. Kesi mbili zikaendeshwa, 1882 na 1883. Wote wawili wakaachiwa huru.

Kashfa hiyo hutajwa na pande zote mbili. Mmoja husema, mnaona serikali inavyoliwa. Mwingine husema, mnaona wafanyabiashara wanavyokula. Wote hawajakosea, na wote hawatazami mahali penyewe, ambapo fedha ya umma inakutana na mkandarasi binafsi baada ya zabuni kufungwa. Ushindani ulikuwapo siku ya kufungua bahasha za zabuni. Kesho yake haukuwapo tena. Mwombaji mwaminifu aliyeandika gharama halisi alikuwa ameshakwenda nyumbani, na aliyebaki alikuwa na miaka minne ya kuzungumza na ofisa mmoja ofisini. Chorpenning alinyimwa njia kwa saini moja, Dorsey na wenzake wakatajirishwa kwa saini nyingine, na katika visa vyote viwili abiria na mwenye barua hawakuulizwa kitu.

Reli haikubadili kanuni hii, ilibadili tu chombo. Wells Fargo ilidhani ina miaka mingi bado ya farasi. Mwaka 1868 ilipokea magari 30 mapya kutoka Concord. Tarehe 10 Mei 1869 reli zikakutana Promontory, Utah, zikiwa zimejengwa kwa mikopo na ardhi ya serikali, na kampuni ikaanza kuuza njia zake. Magari ya farasi yalihamia pembeni, kwenye miji kama Deadwood ambako reli ilikuwa haijafika, na huko nako yakaendelea kula mkataba wa barua. Wakati huo kampuni za kusafirisha vifurushi, Wells Fargo na Adams zikiwamo, ziligawana nchi kandokando ya reli. Kijijini hazikwenda. Mkulima wa Marekani alianza kuletewa barua mlangoni mwaka 1896, na vifurushi kwa posta kuanzia tarehe 1 Januari 1913, huduma ambayo kampuni hizo ziliipinga kwa miaka mingi. Nusu karne walikuwa na nafasi ya kumhudumia mkulima huyo bila kuzuiwa na mtu, na hawakuitumia.

Ndiyo maana naona mjadala wa leo umeulizwa vibaya. Sehemu ya kazi ya Posta inayoweza kushindaniwa imeshabinafsishwa zamani: malori yanayobeba barua kati ya miji huendeshwa kwa kiasi kikubwa na wakandarasi binafsi, warithi wa moja kwa moja wa zile njia za nyota. Kinachobaki ni hatua ya mwisho, kufikisha barua kwenye anwani zaidi ya milioni 160, siku sita kwa wiki, kwa stempu ya bei moja, awe mtu yuko Manhattan au kwenye ranchi ya Nevada. Kwa miaka mingi FedEx na UPS zenyewe ziliikabidhi Posta vifurushi vyepesi vya majumbani katika hatua hiyo, kwa kuwa kuifanya wao iligharimu zaidi. Mtu akisema hatua hiyo iende sokoni, kuna mambo mawili yanayoweza kutokea. Ama mwenye ranchi alipe bei ya Pony Express, ama serikali imlipe mkandarasi ampelekee. Njia ya kwanza inaweza kutetewa, lakini itetewe waziwazi mbele ya wapigakura wa Nevada, Montana na Alaska, bila kujificha nyuma ya picha ya gari jekundu la farasi.

Njia ya pili ndiyo ninayoiona ikija, kwa sababu wabunge wa majimbo hayo hawatakubali ya kwanza. Na ikija, Marekani itakuwa imerudi kwenye meza ya Brady, ila kwa tarakimu kubwa zaidi. Hapo vipengele vya mkataba vitakuwa na uzito kuliko falsafa yote ya soko na dola. Nyongeza ya kasi au ya idadi ya safari itangazwe upya kwa zabuni. Gharama za mkandarasi kwa kila njia ziwe wazi kwa Bunge na kwa waandishi wa habari. Mkataba usifutwe bila sababu iliyoandikwa na haki ya kukata rufaa mbele ya mtu asiye yule aliyeufuta. Kampuni inayoshika njia zenye faida ilazimike kushika na zisizo na faida za eneo hilohilo. Rasimu yoyote itakayofika Bungeni isomwe kwanza hapo: nani analipia safari ya mji usiolipa, na nani ana ruhusa ya kupandisha malipo baada ya washindani kwenda nyumbani.